Mguu Uliolala

Kazimili alizima injini ya kulia, akaondoa mkono kwenye swichi, akangoja.

Mvua ilikuwa ikipiga bati la banda, na nje jenereta lilikuwa likikohoa kwa dizeli chafu. Mbele yake sanduku la mazoezi lilitikisika. Lilikuwa kichwa cha ndege kisicho na mbawa wala mkia, kimekalia mifuko ya hewa, kimefunikwa kwa mbao ili aliyemo ndani asione kitu ila saa na mishale yake. Polepole pua ya sanduku ikaanza kugeukia kulia. Ikasita. Ikarudi katikati.

Vizuri, aliwaza Kazimili. Mguu umekwenda wenyewe. Sasa mkono.

Juu ya meza yake zilikuwapo saa zilezile alizokuwa akizitazama Amri, rubani mwanafunzi, kule ndani. Akaona mshale wa injini ya kushoto, ile nzima, ile iliyokuwa imeibeba ndege yote peke yake, ukianguka hadi chini kabisa.

"Tumeanguka," alisema, akainuka kufungua kifuniko.

Siku zote alisema hivyo, "tumeanguka", hata kwa marubani asiowapenda. Na Kazimili alimpenda Amri. Kijana alikuwa amekaa ndani, shati limemgandia mgongoni, mkono bado umeshika kishikio.

"Mguu upi ulikuwa na kazi?" Kazimili alimuuliza.

"Wa kushoto."

"Na uliolala?"

"Wa kulia."

"Basi injini iliyokufa?"

"Ya kulia, mzee. Najua." Amri aliufuta uso kwa kiganja. "Nikiwa nje najua. Nikiwa humu mkono unaufuata mguu wenye kazi. Naona kama huko kunakonisumbua ndiko kwenye ubaya."

Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake lote. Injini ya kulia ikifa, ya kushoto huivuta ndege na kuigeuzia kulia, na rubani lazima akanyage kwa mguu wa kushoto kwa nguvu zake zote ili pua inyooke. Mguu wa kulia hubaki hauna la kufanya. Mguu uliolala ndio unaoonyesha injini iliyolala. Ukishajua hivyo unavuta kishikio cha upande huo, mapanga ya injini ile yanajilaza yaache kupingana na upepo, na ndege inakwenda kwa injini moja kama mtu anayetembea kwa gongo. Ukivuta kishikio kingine, huna injini tena.

Sanduku lenyewe mwanzoni lilikuwa la injini moja. Shirika la ndege za wagonjwa liliponunua ndege ya injini mbili, walileta fundi kutoka mbali akaliongezea seti ya pili ya vishikio na saa, akaifunga kwa boliti kwenye bati lenye rangi nyingine. Watu wa uwanjani waliiita nyongeza. Kazimili ndiye aliyeiendesha akiwa nje, mezani. Aliwaletea marubani ukungu, upepo, moto, injini kufa. Kabla ya hapo alikuwa mfyeka nyasi wa uwanja. Na kabla ya hapo alikuwa mfugaji Nyantakara, mtoto wa Wasukuma waliohama Shinyanga na ng'ombe wao, mpaka mwaka ule mgambo walipokuja kuezua nyumba yake na kumwambia ahamie kijiji kipya kando ya barabara. Ng'ombe hawakupata malisho huko. Walikwisha. Ndipo akaja mjini Biharamulo kuomba kazi yoyote, na kazi yoyote ikamleta kwenye meza hii. Ndani ya ndege iliyo angani hakuwahi kukaa hata siku moja.

"Tena," alisema Amri.

"Dizeli, mwanangu."

"Mara moja tu, mzee."

Kazimili akafunga kifuniko. Mara hii alimzimia injini ya kushoto, bila kumwambia, na Amri akaipata sawasawa. Walicheka wote wawili. Kisha jenereta likazima lenyewe, na sanduku likashuka juu ya mifuko yake huku likitoa pumzi.

*

Tangu majeshi ya Uganda yavuke mpaka na daraja la Kyaka livunjwe, kila kitu kilikuwa kimekwenda kaskazini: malori, dizeli, vijana. Marubani wawili wa shirika waliitwa jeshini. Alibaki Laurian, rubani mkuu, Mhaya wa Bukoba aliyekuwa na ndugu waliokimbia vita, hajui wamefikia wapi. Macho yake yalikuwa mekundu wakati wote. Alikuja bandani siku iliyofuata akakuta jenereta kimya.

"Yuko tayari?" aliuliza.

"Bado, Kapteni. Kuna siku anapata na kuna siku anakosa. Injini ya kushoto anaiweza. Ya kulia inamchanganya."

"Anahitaji muda gani?"

"Kama dizeli ingekuwapo, wiki mbili."

"Haipo." Laurian aliketi kwenye ukingo wa meza. "Nisikilize. Ngara wamepiga redio. Wana mama mtoto amemkwama tumboni, na mgambo mguu umeanza kuoza. Wote wanatakiwa Mwanza kwa daktari wa kupasua. Gari hakuna. Mimi lazima niende Bukoba na ile ndege ndogo, kuna majeruhi. Nikimwacha Amri chini, wale wawili watakufa kwa hakika. Nikimtuma, labda watakufa. Wewe ungefanyaje?"

Kazimili aligeuza macho kwenye sanduku.

"Injini hazifi hovyo," Laurian alisema, kama anayejiambia mwenyewe. "Zile Ndikuriyo anazitunza kama watoto."

Hilo lilikuwa kweli. Ndikuriyo, fundi wa uwanja, alikuwa Mrundi aliyevuka mpaka akikimbia mauaji ya kwao mwaka wa sabini na mbili akiwa amebeba mkoba wa spana na hana mtu mwingine wa kufuatana naye. Asubuhi ile walimkuta juu ya ngazi, kofia ya injini imefunguliwa, akiimba tenzi za kanisani kwa sauti ya chini. Alikuwa na vidole virefu ajabu, vinavyoingia mahali ambapo spana haikuingia.

Amri alifika akiwa amevaa shati jeupe. Alikuwa na bakuli lililofungwa kitambaa, kama kila siku. Mama yake, Sauda, alikuwa na mgahawa karibu na msikiti, na tangu kijana aanze mazoezi haukupita mchana bila kumpelekea Kazimili chakula.

"Shikamoo, mzee. Mama anakusalimu. Anasema nikirudi salama atapika pilau, na wewe uje na mkeo, Mama Limi."

"Marahaba. Mwambie tutakuja." Kazimili alilishika bakuli, lilikuwa la moto bado. Alitaka kusema mambo mengi. "Usiuharakishe mkono," alisema. "Mguu uachie uharakishe. Mkono ungoje."

"Nitangoja."

Ndege ilikwenda hadi mwisho wa uwanja, ikageuka, ikapita mbele yao na maji ya madimbwi yakiruka pande zote, ikainuka. Ndikuriyo aliisikiliza mpaka ikapotea mawinguni, kichwa amekiinamisha upande mmoja. "Zinaimba pamoja," alisema.

*

Ngara walipiga redio mchana ule. Ndege ilikuwa imeshuka salama, ikatiwa mafuta kutoka kwenye mapipa ya hospitali, ikapakia wagonjwa, ikaruka. Ilipovuka kilima cha kwanza watu waliisikia ikikohoa. Ikaanguka Keza, katika shamba la mihogo. Hakuna aliyepona.

Kesho yake Kazimili alipandishwa kwenye Landrova pamoja na Laurian na ofisa mmoja wa usalama aliyetumwa kutoka mbali, mtu mpole wa sauti, mwenye koti lililofungwa vifungo vyote. Kipande cha mwisho cha njia walitembea kwa miguu, wakipanda na kushuka kati ya migomba. Maiti zilikuwa zimekwisha kuondolewa. Pembeni mwa shamba, juu ya jiwe, alikaa mama mmoja aliyejitanda kanga iliyolowa. Hakuinua kichwa walipopita.

"Anaitwa Nyirabahizi," mwenyekiti wa kijiji aliwaambia. "Binti yake Ernesta ndiye yule mjamzito. Walimbeba kwa machela kutoka hapa mpaka Ngara. Mama hakupata nafasi kwenye ndege, akaanza kurudi nyumbani kwa miguu. Alipofika alikuta watu wamejaa shambani."

"Na mgambo?" Laurian aliuliza.

"Methusela? Yule kwao Nyabusozi. Ndugu zake wamekuja usiku kumchukua."

Ofisa aliwaita wanakijiji mmoja mmoja. "Mlisikia nini?"

"Ilikohoa, kisha ikanguruma upande mmoja," alijibu mzee mwenye jembe begani. "Kisha tukasikia kimya. Kimya kabisa. Ikaja kama tai, haina sauti."

"Kimya kabisa," ofisa alirudia. Akamgeukia Laurian. "Kapteni, injini moja huharibika. Mbili kwa safari moja haziharibiki. Huharibiwa. Nani aliyezigusa mwisho?"

Kazimili hakulisikia jibu. Alikuwa amefika kwenye mabaki. Mapanga ya injini ya kulia yalikuwa yamepinda, yamejikunja nyuma kama majani ya mgomba yaliyokauka. Yalikuwa bado yakizunguka yalipoigusa ardhi. Ya kushoto yalikuwa yamenyooka. Mapya, masafi, yamesimama kwa ubavu, yamelala kuufuata upepo. Mapanga hayalali hivyo mpaka rubani ayalaze. Hakuhitaji kuchungulia ndani, lakini alichungulia. Kishikio cha kushoto kilikuwa kimevutwa hadi mwisho.

Alipoinua uso, Laurian alikuwa amesimama upande wa pili wa bawa akitazama kilekile. Macho yao yalikutana. Laurian akageuka, akaenda kuzungumza na ofisa habari za mvua.

*

Amri alizikwa Biharamulo, na mji mzima ukaja. Mtu wa Chama alisimama kando ya kaburi akasema kijana huyu ameuawa na adui, na kwamba adui hayupo Uganda tu, yupo hapa, anakula ugali wetu. Watu wakanung'unika. Wakati huo Ndikuriyo alikuwa tayari amechukuliwa. Walimkuta kwenye karakana akiosha plagi kwa petroli, wakamfunga mikono kwa kamba ya kuvutia ndege.

Sauda alikaa kwenye mkeka kati ya wanawake, hakulia kwa sauti. Walipomwambia mwanawe ni shahidi aliitikia kwa kichwa. Lile neno alilishika. Ilionekana ndilo lililomnyoosha mgongo.

Kazimili alimfuata Laurian bandani.

"Umeyaona mapanga," alisema.

"Nimeyaona."

"Basi waambie."

Laurian alikuwa amesimama karibu na sanduku, mkono umeegemea kifuniko. "Niwaambie nini? Kwamba yule mama mwanawe ameua watu wawili na yeye mwenyewe, wa tatu? Na mtoto wa tumboni? Ndikuriyo watamchapa, watamweka ndani, vita ikiisha watamwachia. Sauda hatapata mtoto mwingine."

"Hawatamwachia, Kapteni. Wanasema ni jasusi. Jasusi wakati wa vita unajua anafanywa nini."

"Na mimi ndiye niliyemtuma Amri." Sauti ya Laurian ilipasuka. "Hilo nalo unalijua. Nenda nyumbani, Kazimili."

Alikwenda nyumbani, kwenye kile kijiji kipya kando ya barabara. Barabara ya Nyantakara ilikuwa tope tupu, alisukuma baiskeli zaidi kuliko alivyoipanda. Mkewe, Limi, alimsikiliza akiwa anakoleza moto, mgongo amempa.

"Walipoezua nyumba yetu ulisema nini?" alimuuliza mwishowe.

"Sikusema kitu."

"Jirani alisema. Alikwenda wapi yule jirani?"

Kazimili alivua viatu vyenye tope.

"Wewe si askari, si rubani, si Mrundi," Limi alisema. "Una mke na una kazi. Wale wameshakufa."

"Ndikuriyo hajafa."

Limi alipakua, wakala. Alipokuwa akikusanya vyombo alisema, bila kumtazama, "Basi anza kwa mama yake. Asije akayasikia sokoni."

*

Alimkuta Sauda nyuma ya mgahawa, kwenye ua wa jikoni, peke yake. Sufuria kubwa zilikuwa zimefunikwa kifudifudi. Hakuna aliyepika tangu msiba.

"Kaka Kazimili. Karibu ukae."

"Nimeshakaribia, Mama Amri." Hakukaa. "Nimekuja kukwambia kitu kabla sijakwenda kukisema kwa yule ofisa. Injini moja ilikufa. Ya kulia. Ndikuriyo hakuiharibu ya kushoto. Hakuna aliyeiharibu. Ilizimwa ikiwa nzima."

"Imezimwa na nani?"

Jogoo alikuwa akiparua chini ya karo. Kazimili alimtazama yule jogoo.

"Na nani, Kazimili?"

"Ni kosa linalowapata wengi," alisema. "Mguu unakanyaga huku, mkono unakwenda hukohuko. Mimi nilimwona nalo. Tulikuwa tunalitoa polepole. Muda haukutosha."

Sauda alisimama. Alikuwa mwanamke mrefu, na kwa kitambo alionekana kama atampiga. Badala yake alizungumza kwa sauti ya chini, ile aliyoitumia kwa wateja wanaotafuta shari.

"Umekula chakula changu."

"Nimekula."

"Kila siku nimekupelekea, ili umwangalie mwanangu. Sasa amekufa unataka kumfanya muuaji, kwa ajili ya mtu wa kuja." Alinyoosha mkono kuelekea mlango. "Toka. Usinikanyagie tena hapa."

*

Ofisa alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kazimili alitumia miguu yake mwenyewe kueleza: akakaa kwenye kiti, akakanyaga sakafu kwa wa kushoto, akamwonyesha ulivyolala wa kulia. Alipomaliza, ofisa alimuuliza, "Nani amekutuma umtetee Mrundi?"

"Hakuna."

"Wewe ni rubani?"

"Hapana. Mimi ni wa sanduku."

Wakamfungia chumba cha nyuma cha kituo. Ukutani mwa chumba kile, kutoka upande wa pili, alimsikia mtu akikohoa, na akajua ni nani. Alijaribu kumwita, askari akapiga mlango kwa kitako cha bunduki. Mchana walimpa uji. Kisha wakaacha kumpa. Swali lilikuwa moja, walilirudia kwa namna nyingi, na majibu yake yalikuwa yaleyale, mpaka yeye mwenyewe akaanza kuyaona kama uongo. Kuna wakati alijiuliza kama kweli aliyaona yale mapanga, au ni mezani pake alipokuwa ameyaona mambo kama hayo mara nyingi mno.

Aliyemtoa ni Laurian. Alikuja akiwa amevaa sare yote, kofia mkononi, akasimama mbele ya ofisa kama anayeripoti.

"Anasema kweli. Mapanga yapo Keza, kayachukue umwonyeshe rubani yeyote wa jeshi. Na mapipa ya Ngara yana maji chini, ndiyo yaliyoiua injini ya kulia. Nimekwenda nikayapima mwenyewe. Ndikuriyo hakuyagusa mapipa yale, alikuwa hapa. Kijana hakuwa tayari, na niliambiwa hakuwa tayari, na mimi ndiye niliyemrusha."

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, kama kwamba kila mtu alikuwa amechoka. Laurian alivuliwa ndege na kuitwa Dar es Salaam. Hawakumwona tena Biharamulo. Shirika lilifunga uwanja. Sanduku lilifunikwa turubai. Na Ndikuriyo aliachiwa asubuhi moja ya mvua, akatoka akiwa amebeba viatu vyake kwapani. Kazimili alikuwa akimngoja langoni. Alimsalimia kwa mkono, kisha akatamani asingefanya hivyo. Vidole vya mkono wa kulia havikukunjika. Vilikuwa vimevimba, vimekaa kila kimoja na upande wake.

"Wamesema samahani," Ndikuriyo alisema. "Yule mpole amenipa na sigara."

"Unavuta?"

"Sivuti."

Alikaa kwa Kazimili na Limi kwa muda, akipata nafuu. Limi alimkanda vidole kwa maji ya moto na chumvi, na hakusema tena neno juu ya nani ni nani. Jioni Ndikuriyo alijaribu kushika spana, ikamwanguka, akaiokota kwa mkono wa kushoto na kuirudisha kwenye mkoba. Baadaye alisema ataondoka, ana watu wa kwao wanaolima upande wa Ngara, kulima hakutaki vidole vyembamba.

*

Siku waliyokuwa wakitengeneza mzigo wake, Sauda aliingia uani. Alikuwa ametembea kutoka mjini. Amekonda, na baibui lake lilikuwa na tope mpaka magotini. Limi alimtolea kigoda. Sauda hakukikalia.

"Wale wengine," alimwambia Kazimili. "Waliokuwa naye. Walikuwa nani?"

Kazimili alimwambia. Methusela wa Nyabusozi, mgambo. Ernesta wa Keza, aliyekuwa na mtoto tumboni.

"Wana mama zao?"

"Mama wa Ernesta nilimwona. Wa Methusela sijui."

"Nipeleke kwa huyo wa Ernesta."

"Mama Amri, ni mbali. Na Kiswahili hajui, nadhani. Kihangaza mimi sikijui."

Ndikuriyo alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mkoba wake kati ya miguu. Sauda hakuwa amemtazama tangu aingie. Ndikuriyo ndiye aliyesema, kwa utaratibu, "Kihangaza na Kirundi ni ndugu. Na mimi naelekea hukohuko."

Ndipo Sauda alipomgeukia. Alimtazama usoni, kisha mikononi, akakaa akiitazama mikono ile kwa muda mrefu. Akaitikia kwa kichwa.

Walipata lifti kwenye lori lililokuwa likirudi tupu kutoka vitani, wakakaa nyuma juu ya maturubai yenye harufu ya mafuta na damu ya zamani. Walishuka njiapanda, wakaanza kutembea. Mvua ilikuwa imekatika na vilima vilikuwa vya kijani kibichi, mihogo imeota upya hata pale shambani. Mabaki yalikuwa yameondolewa, wameacha shimo lililojaa maji. Sauda alisimama kwenye ukingo wa lile shimo. Akainua viganja, akasoma, akajipangusa uso. Kisha akasema twende.

Nyirabahizi alikuwa kibarazani mwa nyumba yake ya nyasi, mbele yake ungo wa maharage anayachambua. Aliwakaribisha kwa ishara. Sauda alibaki amesimama.

"Mwambie," alimwambia Ndikuriyo, bila kumtazama, "mimi ni mama wa rubani. Mwambie mwanangu ndiye aliyeendesha. Mwambie injini moja ilikuwa nzima na yeye akaizima. Si adui. Ni yeye. Mwambie sikuja kuomba kitu. Nimekuja ayasikie kwangu."

Ndikuriyo aliuweka mkoba wake chini. Kisha alichuchumaa mbele ya yule mama na kuanza. Alizungumza polepole, kwa muda mrefu, mrefu kuliko maneno aliyopewa. Kazimili alilisikia jina la Amri likipita, na jina la Ernesta, na neno ambalo huenda lilikuwa mvua au lilikuwa Mungu. Mengine hakuyajua. Nyirabahizi alisikiliza huku mikono yake imetulia juu ya ungo. Ndikuriyo alipomaliza, mama yule aliuliza swali fupi.

"Anauliza kama unao wengine," Ndikuriyo alisema.

Sauda alitikisa kichwa.

Nyirabahizi naye alitikisa chake. Kuku alipita. Kisha mama yule alijisogeza akaacha nafasi kwenye mkeka, na Sauda akavua viatu, akakaa, miguu ameikunja chini ya baibui. Akauvuta ungo kidogo upande wake. Wakaanza kuchambua, huyu kutoka huku na yule kutoka kule, wakitupa mawe na mabovu kwenye majani.

Kazimili alimsogelea Ndikuriyo. "Ulimwambia nini?" alimnong'oneza.

Ndikuriyo alikuwa amenyoosha mkono wa kulia kwenye ungo, akijaribu kuokota haragwe moja kwa vidole visivyokunjika. Liliteleza. Alijaribu tena, likateleza. Nyirabahizi, macho yake yakiwa kwenye kazi, aliusogeza ungo karibu naye.